Kofia ya Saba ya Kadidja

Kadidja ni mtoto wa dada yangu, Mungu amrehemu, kwa hiyo akili alizo nazo zimetoka upande wetu. Baba yake, Chabani, alimpa shingo ndefu na uvumilivu, vitu ambavyo hata twiga anavyo. Nayasema haya mapema, msomaji, kwa sababu huko mbele utafika mahali ambapo mtoto huyu alinishinda hesabu, mimi mwalimu wake, na nataka ujue kwamba hata pale nilishindwa na damu yangu mwenyewe.

Mimi naitwa Ilyasi, fundi wa cherehani, Gitega, mtaa wa Waswahili. Shule nilifika mwaka wa tano. Wako wanaosema nilifukuzwa. Ukweli ni kwamba mwalimu alikuwa ameishiwa cha kunifundisha.

Kadidja alizaliwa Muyinga akakulia huko. Kudarizi kofia alijifunza kwa bibi yake kabla ya kujua kuandika, na mpaka leo akiandika barua, herufi zake zimelala upande mmoja kama mishono. Aliolewa na Zuberi, kijana wa baiskeli, mmoja wa wale wanaopakia ndizi Giteranyi alfajiri na kushuka sokoni Muyinga wamelowa jasho, bado wana pumzi ya kutania watu. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na mlango wa bati. Wakapata mtoto, Nadia.

Sasa, kwetu mtoto akifika wakati wa kuacha ziwa, hatupaki pilipili wala shubiri. Mama anaondoka. Mtoto anabaki kwa bibi, mama anakwenda kusalimia ndugu wiki moja. Siku mbili za mwanzo mtoto analia mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini. Siku ya tatu anakubali uji. Siku ya saba mama anarudi maziwa yamekauka, na mtoto amekwisha sahau. Ni dawa nzuri, haina kasoro ila moja: inataka barabara.

Kadidja alikuja kwangu kwa wiki hiyo moja, Julai ya mwaka 1996. Alikuja na nguo mbili, kanga, na kikopo cha sindano. Siku ya tano wanajeshi wakachukua serikali. Siku ya saba, siku yake ya kurudi, hakuna gari lililotoka. Hazikupita siku nyingi nchi jirani zikafunga mipaka, mafuta ya gari yakawa hadithi, na njia ya Karuzi ikawa kama mlango wenye upepo, leo umefunguka, kesho umejibamiza. Mwenye safari ya Muyinga alisubiri msafara wa magari yanayosindikizwa na askari, na msafara ulikuwa na wenyewe.

Alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alirudishwa kwenye bariyeri, kizuizi cha askari cha kutokea mjini, kwa kukosa leseipase, ile karatasi ya ruhusa. Mara ya pili karatasi alikuwa nayo, akafika mpaka daraja la mto Ruvubu, na pale gari zima likageuzwa. Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, akaketi kwenye kigoda cha uani, hakusema kitu. Kifua kilimuuma wiki tatu, kisha nacho kikanyamaza.

Ua wangu una hatua kumi na moja kwa tisa. Mimi nimeishi humo miaka ishirini bila kujua. Yeye aliupima katika siku mbili.

Nikaona nimchangamshe. Mwingine angemnunulia kitenge. Mimi nilimfundisha hesabu, na si zile za kujumlisha ambazo kila muuza nyanya anazijua. Nilimfundisha kuhesabu namna. Toka kwangu mpaka msikitini kulikuwa na njia mbili, ya juu na ya bondeni. Toka msikitini mpaka sokoni zilikuwa tatu. Nikamuuliza: mtu akitaka kwenda sokoni kila siku kwa namna nyingine, atamaliza siku ngapi kabla ya kurudia? Akasema tano. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikamweleza kwamba kila njia ya kwanza inazaa tatu za pili, na mama wawili wenye watoto watatu watatu wana watoto sita, si watano. Hapo huongezi, unazidisha. Akachora mchangani kwa kidole. Kesho yake alipotoka sokoni akaniambia amekwenda kwa namna ya kwanza.

Ikawa mchezo wake. Namna ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, kisha anaanza upya. Septemba wakaweka bariyeri kwenye njia moja ya soko. "Nne," akasema akiingia, kabla hata ya kutua kikapu. Novemba njia ya bondeni ikafungwa pia. Watu waliokimbia Mutaho walikuwa wamepigiwa mahema pale, na askari hawakutaka mtu apite. "Mbili, mjomba." Hapo nikajuta kumfundisha. Asiyejua kuzidisha akifungiwa njia, amefungiwa moja. Mtoto huyu kila njia aliiona ikiondoka na watoto wake.

Januari, siku chache kabla ya mfungo, dereva wa msafara akaleta salamu za Zuberi. Wote wazima. Baiskeli imepata mpira mpya. Mtoto anatembea, anakimbia, anasema. Na bibi yake ndiye anayemwita mama.

Kadidja alimwomba dereva arudie maneno hayo ya mwisho. Dereva akarudia, maskini, akidhani anampa furaha. Alipokwisha kwenda, Kadidja akaniambia, "Nilikuja ili asahau ziwa, mjomba. Sikuja ili anisahau mi."

Mimi nina jibu la kila kitu. Siku hiyo nilijifanya natafuta mkasi.

Sasa aingie Bwana Akberali. Duka lake liko karibu na soko; babu yake alifika Gitega na mzigo wa kaniki wakati babu zetu sisi bado hawajazoea viatu. Yeye mwenyewe ni mtu mnene, mpole, mwenye macho mabovu na neno moja tu: akishasema amesema. Alikuwa na kamyo, lori la mizigo, lililoandikishwa kwenye msafara wa Machi kwenda Muyinga kuchukua maharage. Amri ya msafara ilikataza watu kupanda juu ya mzigo. Mbele kulikuwa na dereva, askari mmoja, na nafasi moja. Nafasi hiyo nusu ya mtaa waliiota. Watu walimsalimia Akberali mpaka akaanza kupitia mlango wa nyuma.

Rafiki yake wa Muyinga, Mahmudu, alikuwa anaoza kijana wake baada ya mfungo, na Akberali alitaka kupeleka zawadi ya heshima: kofia za wasindikizaji wa bwana harusi. Hapa inabidi nieleze, maana wengine mmezaliwa juzi. Kwetu bwana harusi akifika mlangoni na wenzake, mashangazi wa bibi harusi wanawavua wenzake kofia zote, wanazitia kwenye ungo, wanazifunika kanga na kuzitikisa. Kisha kila mwanamume ataje na kuonyesha kofia yake. Akipatia, anaingia kula. Akikosea, atachota maji au ataimba, na hao mashangazi hawana huruma. Ndiyo maana kofia za harusi hazifanani hata mbili. Mwaka mmoja nyuma, wanaume wawili wa Buhinyuza walishika kofia moja, kila mmoja akaapa ni yake, na pilau ya watu ikalala chini.

Kadidja akasikia habari ya zawadi hiyo, akaja kuniita, tukaenda dukani pamoja. Alimwambia Akberali kwamba atazidarizi zote, hataki chochote ila ile nafasi ya mbele. Akberali akafikiri, akasema kitambaa cheupe anacho, lakini mpaka umefungwa, na uzi wa kudarizi uliobaki ni wa rangi nne tu: kijani, nyekundu, buluu na manjano. Akauliza kama nyuzi nne zinaweza kuzaa kofia ishirini. Akaongeza kwa sauti yake ya upole, "Na mbili zikifanana, Mama Nadia, sitachukua hata moja. Nafasi itakwenda kwa mwingine. Siwezi kumwaibisha Mahmudu mlangoni."

Kadidja alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya kanga. Mimi sikuwa na haja ya vidole.

"Ishirini na nne," nikasema.

"Ishirini zinatosha, bwana Ilyasi."

"Zipo ishirini na nne na hakuna hata moja yenye pacha. Zikipungua, niite punda mbele ya msikiti."

Kadidja alinifinya mkono. Lakini Akberali alikwisha vuta karatasi, akamwandikia Mahmudu aongeze wasindikizaji wawe ishirini na wanne. Barua ikaondoka na dereva siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyokuwa. Mdomo wangu ulimwongezea mtoto wa dada yangu kofia nne, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Tulipofika nyumbani nikamwonyesha. Kofia kwetu ina sehemu mbili: ukuta, ule ukanda wa kuzunguka kichwa, na paa, lile duara la juu. Nikasema ukuta tuugawe vyumba vinne, kila chumba ua moja kubwa la rangi moja, na paa libaki jeupe. Chumba cha kwanza kina rangi nne za kuchagua. Ukishachagua, cha pili kinabaki na tatu, cha tatu na mbili, cha mwisho hakichagui, kinachukua kilichobaki kama mtoto wa mwisho mezani. Nne mara tatu, kumi na mbili. Kumi na mbili mara mbili, ishirini na nne. Nikachukua kaa la moto lililozimika nikaziandika zote kwenye ukuta wa ua: sita zinazoanza na kijani, sita na nyekundu, sita na buluu, sita na manjano. Mafungu manne yamepangwa kama askari. Kadidja alizipitia moja moja, akitafuta mbili zinazofanana. Hakuziona. Akanitazama kwa heshima, na naapa heshima hiyo niliistahili kwa muda wa wiki nane kamili.

Alidarizi mwezi mzima wa mfungo, na baada yake. Alikaa pale pale uani, kigoda chake kikifuata kivuli toka ukuta wa mashariki mpaka wa magharibi, kisha anaingia ndani kabla ya amri ya kutotoka usiku. Sokoni hakwenda tena hata kwa zile namna mbili. Nilimtania kwamba atasahau kutembea, kwamba Zuberi itabidi ampakie kwenye baiskeli kama mkungu. Alicheka bila kuinua macho. Kila ukuta ukiisha anaukunja, anaupanga sandukuni, na kwenye orodha ya makaa anaweka alama. Nyakati nyingine nilimkuta amesimamisha sindano hewani, midomo inatembea. Nilidhani anahesabu mishono. Siku moja nikasikia: alikuwa anahesabu meno ambayo mtoto atakuwa ameota.

Kushona ilikuwa kazi yangu, lakini sindano ya cherehani yangu ilivunjika Februari, na mjini mzima hapakuwa na nyingine. Kwa hiyo kuta zote ishirini na nne zilibaki zimelala sandukuni kama riboni, hakuna hata moja iliyokuwa kofia. Kumbuka hilo. Sindano tatu zilipatikana wiki ya msafara wenyewe. Zilivuka mpaka kwa njia za miguu, zimechomekwa kwenye ukosi wa shati la mtu wa Buhinyuza. Ilikuwa Jumanne. Akberali alitaka kofia Ijumaa baada ya sala, magari yaondoke Jumamosi.

Nikakaa kwenye cherehani nikaimba. Nilishona kwa kufuata orodha, kwanza zile za kijani. Kila nikimaliza moja, Kadidja anaichovya kwenye wanga wa muhogo, anaivalisha mkebe wa maziwa ya unga na kuisimamisha juani ikakamae. Sita za kijani zikakaa kwenye mikebe yao, safi, kila moja na sura yake. Nikashona ya saba, ya kwanza kati ya zile za nyekundu: nyekundu, kijani, buluu, manjano. Kadidja akaivalisha mkebe, akarudi kwenye kivuli.

Baada ya kitambo akainuka kugeuza mikebe, ili upande mbichi nao upate jua. Akaugeuza wa saba robo ya mzunguko, akabaki ameinama.

Nilidhani mgongo umekaza. Nikamwita. Aliinua ule mkebe wa saba, akausogeza mpaka kando ya wa nne, akausukuma kidogo kwa kidole, kama mtu anayefungua redio polepole.

"Mjomba, njoo uone."

Ya nne ilikuwa kijani, buluu, manjano, nyekundu. Na ya saba, sasa ilivyogeuzwa, ilikuwa kijani, buluu, manjano, nyekundu. Mapacha. Mama yao mwenyewe asingewajua.

Nilikataa. Nikamwambia hii inaanza na nyekundu, imeandikwa ukutani. Nikamwonyesha mshono wa nyuma: mwanzo ni hapa, kwenye mshono. Akachukua ya saba kwenye mkebe, bado ina wanga, akanivika kichwani, akanitazama kwa macho makavu.

"Kichwa chako kinaanzia wapi, mjomba?"

Wanga ulinitiririka shingoni. Ukanda uliolala una mwanzo na mwisho. Ukiuunganisha ukawa duara, mwanzo wake unakufa. Mashangazi kwenye ungo hawatafuti mshono. Wanaona rangi zinafuatana, basi. Kila ukuta wangu ulikuwa na ndugu watatu waliojificha kwenye mafungu mengine, wametofautiana mahali pa kuanzia tu. Kadidja akatoa sandukuni zile zilizobaki, akaziviringa moja moja mkononi na kuziweka mbele ya mkebe unaofanana nazo. Zikaenda zote. Mbele ya kila mkebe zikalala tatu, na ile ya saba ikiwa moja ya zile tatu za mkebe wa nne. Hapakuwa na kofia ishirini na nne. Zilikuwa sita, zimedariziwa mara nne nne.

Wiki nane. Aliketi chini kwenye udongo, si kwenye kigoda, akazungukwa na mikebe ile. Mimi nilisimama na wanga shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa tano nilitamani kama mwalimu asingeishiwa mapema.

Nikasema twende kwa Akberali tukaombe. Akatikisa kichwa. Nikasema tudarizi kuta nyingine, tuweke vyumba vitano. Akaniuliza kwa uzi gani, na kwa siku ngapi. Kweli, uzi ulikuwa umebaki kidogo, na wa manjano ulikuwa hautoshi hata maua mawili. Kivuli kilihama, na safari hii hakukifuata.

"Ziko nne nne," akasema mwishowe. Alikuwa anaongea na mikebe. "Kila moja na ndugu zake watatu. Basi ndugu wasivae paa moja."

Nilimwelewa mara moja, maana mimi si mjinga, nimekosea tu. Ndugu wanne wenye ukuta mmoja, kila mmoja apewe ua la rangi yake kwenye paa. Kuta sita mara paa nne, ishirini na nne. Nikaruka. Halafu nikakumbuka uzi, nikakaa. Rangi nne za paa zinataka maua sita ya manjano, na manjano haikuwepo. Kwa rangi tatu tunapata kumi na nane. Akberali ameandika ishirini na nne.

"Manjano hatuhitaji," Kadidja akasema. "Hizi za kijani umeshazishona, zina paa jeupe. Ziache hivyo. Nyeupe nayo ni moja."

Hapo ndipo niliposhindwa, msomaji, na nakiri. Mimi nilihesabu vilivyopo. Yeye alihesabu na kisichokuwepo. Sita zinazoanza na kijani zikabaki na paa jeupe, zimekwisha kukamaa kwenye mikebe, hatukuzigusa. Sita za nyekundu paa jekundu. Sita za buluu paa la buluu. Sita za manjano tukazipa paa la kijani, kwa sababu kijani ilikuwa imebaki bila kazi.

Ile ya saba nikaifumua. Maua kumi na nane, na tulikuwa na Jumatano, Alhamisi, na asubuhi ya Ijumaa. Kadidja alidarizi paa, mimi nikashona na kuchovya wanga, na Alhamisi mchana, vidole vyake vilipovimba, nilichukua sindano nikamdarizia moja. Kila mtu mtaani amekwisha sikia habari ya ua hilo, sitalieleza.

Ijumaa tukazipeleka zimepangwa kwenye beseni, zimefunikwa. Akberali hakuziangalia, macho yake hayamruhusu. Alimwita mkewe, Sikinabai, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, ambaye akitazama kitambaa kitambaa kinajisikia kina kosa. Alichukua kofia ya kwanza, akaivika kwenye ngumi, akaizungusha. Kadidja alinishika kiwiko pale pale aliponifinya siku ile. Tungeleta zile za mwanzo, mwanamke yule angetugundua kabla ya kumaliza kukaa.

Kwa hofu tu nikajaribu kumchosha. Nikamwambia kwamba kulinganisha mbili mbili ni kazi kubwa, maana ya kwanza inalinganishwa na ishirini na tatu, ya pili na ishirini na mbili, na ukifika mwisho ni jozi mia mbili sabini na sita, mama, na leo ni Ijumaa.

"Kwa nini nilinganishe paa jekundu na jeupe?" akaniuliza. "Mi si kipofu."

Akazigawa mafungu manne kwa rangi ya paa, akaangalia ndani ya kila fungu tu. Nilipiga hesabu baadaye: jozi sitini. Wanawake wawili wamenishinda katika wiki moja. Alizungusha, akaweka, akazungusha, akaweka. Dukani hakuna aliyekohoa. Akafika kwenye moja ya paa la buluu, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii nani kaidarizi? Imelewa."

Nikasema ni mtindo wa Muyinga. Kadidja alitazama sakafu, mabega yanatetemeka, na sijui kama alikuwa analia au anacheka. Sikinabai akairudisha kwenye fungu. "Lakini haifanani na yoyote," akasema. "Mama Nadia, kafunge nguo zako."

Hakuwa na nguo nyingi za kufunga. Jumamosi, amri ya usiku ilipoisha na kulipokucha vizuri, nilimsindikiza mpaka yanapokusanyika magari. Alipanda katikati ya dereva na askari, beseni la kofia magotini. Wakati wote wa kusubiri hakugeuza shingo, hiyo shingo ya Chabani, alitazama kioo cha mbele kama vile macho yakihama barabara itafungwa. Nilimtania kidogo. Nilimwambia akifika daraja la Ruvubu wakimrudisha, kigoda kipo. Hakucheka, na nikaona nimesema vibaya, lakini kamyo lilikwisha kung'uruma.

Mimi nilirudi kwenye ua wangu wa hatua kumi na moja kwa tisa. Mikebe ishirini na nne ilikuwa bado imepangwa, na orodha ya makaa iko ukutani. Sikuifuta. Kwa muda wa wiki saba sikujua kama alifika au la. Nilitembea sokoni kwa namna ya kwanza na namna ya pili.

Barua yake ililetwa mwezi wa tano, herufi zimelala upande. Anasema magari yalisimamishwa darajani saa nne nzima, kisha wakawaacha. Anasema kofia ishirini na nne ziliingia kwenye ungo na kila moja ikapata kichwa chake, na kwamba iliyotambuliwa upesi kuliko zote, hata kabla kanga haijafunuliwa vizuri, ni ile yangu. Nimeisoma sehemu hiyo kwa sauti kwa watu wengi.

Sehemu inayofuata nimeisoma peke yangu. "Mtoto hakunijua, mjomba. Siku ya kwanza alinisalimia kwa mikono miwili kama anavyofundishwa kusalimia wageni, akajificha nyuma ya bibi yake. Sikumshika. Siku ya nne akaniletea kigoda. Kwenye nyuzi zilizobaki nimemshonea kakofia kadogo, anakavaa anakazungusha, kila saa rangi nyingine iko mbele, anadhani ana kofia nyingi. Bibi yake bado ndiye anayemwita mama. Mi ananiita mama wa kofia."

Juni wakaondoa bariyeri moja ya soko. Niliporudi nyumbani nikatua kikapu, nikasema "tatu" kwa sauti, na uani hapakuwa na mtu wa kunisikia.